Maji ya Lubumbashi hayafiki mia

Juzi binti yangu alirudi kutoka shule na daftari la sayansi. Kwenye ukurasa mmoja kuna namba iliyofutwa mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Aliandika 96, akafuta, akaandika 100.

"Papa, tulichemsha maji, kipimajoto kikakataa kupita 96. Wenzangu wote waliandika 100 kama kitabu kinavyosema. Kipimajoto kimeharibika?"

Sikumjibu papo hapo. Mawazo yalikuwa yamesharudi Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi, uani kwa Mzee, fundi niliyefanya naye kazi, mwezi wa saba wa baridi na vumbi, na ile MGB ya kijani, gari dogo la mwendo, imefunguliwa dashibodi yote.

Gari lenyewe ni lile lililovuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka upande wa Zambia, usukani kulia, spidomita ya maili, geji zote za kampuni ya Smiths. Ringi za kromu za geji hizo hazichokonolewi na bisibisi. Zina meno yanayoshika ukingo wa kopo. Unaizungusha ringi mpaka meno yafikie mapengo yake, inatoka bila kuumia. Kinachoizuia ni mpira wa ndani uliokauka ukawa jiwe. Tulidondosha mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka ukingo, tukaacha usiku kucha, asubuhi zikazunguka kwa mikono. Uso wa geji hatukuugusa kwa maji wala spiriti, maana namba ni rangi iliyochapwa juu tu, na kitambaa chenye spiriti kinaondoka nazo. Tulitumia brashi laini, basi.

Ndani ya spidomita vumbi letu jekundu lilikuwa limekorogeka na grisi ya zamani, likawa kama udongo wa mfinyanzi. Humo kebo inazungusha sumaku, na sumaku haikigusi kile kikombe cha alumini kilichobeba mshale: inakivuta kwa mbali, huku springi nyembamba kama unywele ikikirudisha nyuma. Grisi ikitambaa kati ya hivyo viwili, mshale unaruka mpaka mwisho wa namba hata gari likienda polepole. Kabla ya kuuchomoa mshale, Mzee aliupitisha juu ya kijiti kinachouzuia kwenye sifuri, akauacha ushuke mpaka ulipotulia wenyewe, akaweka alama ya penseli pale. Asiyeweka alama hiyo hataupata tena mkazo wa springi ulivyokuwa. Tukasafisha, tone moja la mafuta ya saa kwenye ekseli, mshale ukarudi kwenye alama yake. Usoni pameandikwa 1280, yaani mizunguko ya kebo kwa maili moja. Maili 60 kwa saa ni maili moja kwa dakika, kwa hiyo kebo ikizungushwa mara 1280 kwa dakika, mshale lazima usimame kwenye 60. Tuliifunga kwenye mashine ya kutoboa. Ukasimama kwenye 60.

Geji ya petroli haikutuchukua muda. Ilionyesha tangi limejaa wakati liko nusu, kwa sababu kile kidhibiti cha volti 10 nyuma ya dashibodi hakikugusa bodi ya gari vizuri. Tulikwangua rangi chini ya skrubu yake, ikapona.

Iliyotushikilia ni ile geji ya pande mbili, presha ya oili na joto la maji. Upande wa joto una bomba la shaba jembamba kama uzi mnene, linalotoka kwenye geji mpaka kwenye balbu iliyochomekwa kwenye kichwa cha injini. Ndani ya balbu kuna etha, kimiminika chepesi kugeuka mvuke. Ikipata joto, mvuke wake unasukuma kupitia bomba hilo na kunyoosha kibomba kilichopinda nyuma ya mshale. Mtu fulani aliwahi kufungua nati ya balbu iliyoshikwa na kutu, balbu ikazunguka pamoja na nati, bomba likajinyonga na kukatika. Etha yote ikapotea, na mshale ukalala.

Mzee alinunua geji ya zamani ya trekta, ya etha vilevile, iliyopasuka kioo lakini yenye balbu nzima. Presha ya mvuke haitegemei etha ni kiasi gani, mradi kimebaki kimiminika ndani. Inategemea joto lake. Ndiyo maana balbu ya trekta inaweza kuitibu geji ya gari dogo la mwendo.

Tulitia barafu iliyopondwa kwenye ndoo, sehemu tatu kwa moja ya chumvi, tukazamisha balbu ya trekta dakika ishirini na zaidi. Etha inachemka kwenye nyuzi 35 hivi, kwa hiyo ukikata bomba la balbu yenye joto la kawaida inaanza kukuponyoka. Kwenye barafu na chumvi inatulia chini. Mzee hakukata kwa koleo, maana koleo linabana tundu. Alikwangua bomba kuzunguka kwa tupa ndogo, akalivunja kwa vidole. Akafanya hivyohivyo upande wa geji yetu. Juu ya ncha zote mbili akavisha kipande cha bomba la shaba cha sentimita mbili na nusu kilichobana sawasawa, halafu akalehemu kwa pasi ya umeme. Moto wa wazi hakuutaka hata mbali, maana etha inawaka vibaya. Bati aliliweka kidogo sana. Likizidi linanyonywa ndani na kuziba tundu, na kazi yote inakufa hapo.

Mchana tukaweka sufuria kwenye mbabula, jiko la makaa. Maji yalipochemka kwa nguvu, nikazamisha balbu. Mshale ulitetemeka, ukapanda, mwanzoni kwa hatua fupi, kisha kwa hatua ndefu, kama geji za etha zinavyofanya, maana huku juu mvuke unakua haraka. Ukapita 190. Ukapita 200. Ukasimama kwenye 205 ya Farenhaiti. Nilisubiri. Povu la maji lilikuwa linamwagikia makaa, mvuke unanipiga usoni, mshale haukusogea.

Maji yanayochemka ni 212, ndiyo 100 ya Selsiasi. Nilichukua vijiko viwili vidogo vya kuinulia mshale, nikaviingiza chini yake.

"Acha, mwanangu."

"Mzee, inasoma chini kwa nyuzi saba."

Hakubishana nami. Aliingia ndani, akatoka na kipimajoto cha kioo, akakizamisha kwenye sufuria ileile. Sote wawili tukainama. Zebaki ikapanda ikasimama kwenye 96 ya Selsiasi, ambayo ndiyo 205.

"Sisi tuko juu," akasema. "Mita elfu moja na mia mbili. Kila unapopanda mita mia tatu hivi, maji yanapoteza nyuzi moja ya Selsiasi. Ile 100 ni ya Dar es Salaam, kule pwani. Maji ya hapa hayafiki mia." Halafu akaniambia la injini: kifuniko cha rejeta kinabana presha na kuongeza nyuzi kadhaa, lakini kwetu hesabu inaanzia 96, kwa hiyo gari lililorekebishwa pwani lina nafasi ndogo zaidi huku kabla ya kuchemka. Nyuma ya kopo la geji aliandika kwa penseli: *maji 205, L'shi*.

Nilimweleza binti yangu yote haya, na jioni tuliweka sufuria jikoni tukarudia pamoja. Ilikuwa 96. Amefuta tena, na sasa ukurasa umetoboka kweli.

Jambo ambalo sikumwambia ni hili. Kabla ya siku ile ya Kamalondo nilikuwa nimeshapima geji mbili kwa njia hiyohiyo, peke yangu, na kila mshale uliosimama kwenye 205 niliuinua nikausogeza mpaka 212. Kwa hiyo zinasoma joto lisilokuwepo, nyuzi saba za ziada, na dereva anazima gari kando ya barabara wakati injini iko salama. Moja najua ilikwenda Likasi. Nilimpigia mwenye gari, akasema ameshaliuza. Ya pili sikumbuki hata ilikuwa ya nani.