Watani Wangu wa Mtaani

Jumapili, usiku

Mgeni akitaka kuona kijiji hapa Dar es Salaam, wenyeji humpeleka Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Kipo tangu miaka ya 1960, na nyumba zake zimejengwa kwa mitindo ya makabila mbalimbali ya nchi hii. Napapenda. Ila nyumba zile hazina wenyewe: hakuna anayedaiwa, hakuna mtoto anayetumwa chumvi kwa jirani, hakuna anayesengenywa. Kijiji gani hicho kisicho na umbea?

Chenye watu ni hiki chetu cha Mwananyamala. Nyumba za Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko, choo na kamba za kuanikia. Ukikohoa usiku, asubuhi unaulizwa umekunywa dawa gani. Ukipata mgeni wa kike, huulizwi kitu, lakini mtaa mzima unajua. Kuna siku hili linanipa raha na kuna siku linanichosha kabisa, wala sioni haja ya kuchagua upande.

Wiki hii tumefiwa. Bibi wa Kizaramo, nyumba ya pili kutoka kwetu. Kufika adhuhuri turubai lilishafungwa katikati ya barabara, bajaji zinageuza zenyewe na hakuna aliyethubutu kupiga honi. Wanaume kwenye viti vya kukodi, wanawake ndani mikekani, uani mafiga yamepangwa. Yule kijana anayetengeneza simu pale kona, ambaye siku zote namwona kainamia kioo tu, alifunga kibanda akaenda kupasua kuni bila kuambiwa na mtu.

Kisha wakaja watani.

Mama ntilie wetu ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani wa tangu na tangu. Aliingia chumbani kwa marehemu, akatoka kajifunga kanga za bibi, kavaa miwani yake, mkono kiunoni, mgongo kaupinda vile vile. Akasimama barazani akaanza kufokea watoto: "Nyie! Mpira wenu ukiingia tena uani kwangu, naupasua!" Sauti ile ile, mpaka kile kikohozi chake cha mwisho wa sentensi. Watu wakaangua kicheko. Binti wa marehemu, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajafumbua kinywa, akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani, kisha ndiyo akalia. Wakati wa kutoa jeneza, watani walikuwa wameshaziba mlango: hapiti mtu bila fidia. Wakapewa noti, wakazirudisha wakisema bibi yao hakuwa wa bei rahisi hivyo. Shehe alitazama pembeni, akawaachia wamalize yao.

Jirani yangu mmoja, msomi kidogo, alininong'oneza kwamba mambo haya ni ya kijijini, yatakwisha tu. Mimi nadhani kakosea, na nimekaa nikiliwaza hilo siku mbili hizi. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi haukuzaliwa ndani ya kijiji kimoja. Ulikua kwenye njia ya misafara, karne ya 19, wapagazi wa Unyamwezi wakishusha pembe za ndovu pwani na kukatiza Uzaramo kwenda Bagamoyo. Mtu yuko mbali na kwao, hana shangazi wala mjomba, akiumwa au akifa njiani lazima awepo mtu wa kumstahi na kumzika. Kwa hiyo ni mila ya wasafiri, iliyowafanya wageni kuwa ndugu. Haishangazi imeota mizizi jijini kuliko nyingine. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 mkoani hapa, na wengi wetu ukoo wetu uko mbali mno kuwahi maziko.

Mengine hayakufika. Tambiko la mashambani sijaliona hapa, na watoto wangu hawajui ngano za nyanya yao. Hilo linaniuma zaidi kuliko nyumba za makuti.

Usidhani pia kwamba ni upendo mtupu. Kuna daftari. Mzee mmoja wa kamati ya msiba hukaa mezani na kalamu, anaandika nani kachangia na kiasi gani. Siku hizi kuna na kundi la simu, orodha inatumwa jioni, na jina lisilo na kitu mbele yake linasomeka vizuri sana. Asiyezika wenziwe, akifiwa yeye atapata viti vitupu. Ni ukatili, lakini ni ukatili unaofanya kazi.

Dada yangu anakaa ghorofani Kariakoo, ghorofa ya sita, milango ya chuma, jirani yake hamjui jina. Baba mkwe wake alipofariki mwaka jana, walijadiliana dakika chache tu, wakaleta msiba huku kwa shemeji yake, Mwananyamala. Turubai utalifunga wapi kule, kwenye ngazi?

Arobaini ya bibi inakuja. Mimi nimepewa kazi ya viti, na mama ntilie kanitumia ujumbe kwamba miwani ya bibi bado anayo, harudishi mpaka alipwe.