Meza moja ya madaktari wa mifugo na wa binadamu

Wiki iliyopita nilikaa Mbeya mjini na maafisa mifugo wenzangu pamoja na waganga kutoka wilaya jirani, tukijadili namna ya kupeana taarifa za ng'ombe wanaokufa wakionyesha dalili za ubongo. Niliombwa kueleza mfano wa Uingereza. Kichaa cha ng'ombe (ambacho si kichaa cha mbwa, ingawa majina yanafanana) kilitambuliwa huko mwaka 1986, kikaenezwa na chakula cha mifugo kilichochanganywa na unga wa nyama na mifupa, na chanzo chake ni prioni, yaani protini iliyojikunja vibaya ambayo hata kuipika hakuiangamizi. Mwaka 1990 kituo cha Edinburgh kilianza kufuatilia ugonjwa wa aina hiyo kwa binadamu, na ufuatiliaji huo ndio uliowezesha serikali kutangaza, tarehe 20 Machi 1996, kwamba wagonjwa kumi huenda waliambukizwa na ng'ombe.

Hapo daktari mmoja wa hospitali akaniuliza, "Sasa daktari, huku kwetu ng'ombe akitetemeka na kuanguka, ubongo wake hupelekwa wapi?" Nilikiri kwamba katika vijiji nilivyohudumia, mara nyingi mzoga hufukiwa au, jambo linaloniumiza sana, huliwa kabla sampuli haijachukuliwa. Tulikubaliana kuwa kila taarifa ya namna hiyo imfikie mganga mkuu wa wilaya siku hiyohiyo. Jumatatu naanza na kata zangu.