Siku moja maishani mwangu: asubuhi nachomelea mageti, jioni nafungwa

SAA 11 NA NUSU ALFAJIRI

Simu inaita hata adhana haijaisha vizuri. Mama wa kipa wa timu ya watoto ninayoifundisha. Nampa shikamoo mama, anaitikia marahaba mwalimu, halafu kimya. Kimya cha wazazi msimu huu nimeshakijua, maana yake leo mtoto haji. "Mwalimu, huyu mtoto tangu afungwe yale magoli kumi na moja hali vizuri. Shuleni wanamwita Kumi na Moja. Sasa nakuuliza, leo mnaenda kufungwa ngapi?"

Aisee. Umeshawahi kuulizwa swali kama hilo hujapiga hata mswaki? Nikamwambia mama leo tutajitahidi, akasema na wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo. Mwisho tukakubaliana atakuja ila nisimfokee akifungwa. Mimi sijawahi kumfokea, lakini nimekubali tu, kubishana na mama mwenye uchungu na mwanawe saa kumi na moja sio kazi yangu.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa kuchomelea, Tandika, Temeke, Dar. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma, ngazi. Jioni na Jumamosi ni kocha wa watoto wa chini ya miaka 15 hapa mtaani, cheti cha ukocha sina, nilicheza ndondo, mpira wa mtaani, miaka kadhaa mpaka goti likagoma nikaona bora nifundishe. Msimu huu tumecheza mechi 7 na tumefungwa zote 7. Saba bila, sita moja, tisa bila, mkono yaani tano bila, nne mbili, nane bila na hiyo kumi na moja bila. Ukijumlisha ni magoli 50 kamili, nimejumlisha mara tatu nikidhani nimekosea. Sisi tumefunga 3, na hayo 3 nayo yana stori yake, nitafika huko.

SAA 1 NA NUSU

Karakana. Jumamosi ndio siku ya wateja, kila mtu anataka geti lake leo leo. Kuna baba mmoja wa geti la milango miwili alilipa advansi wiki mbili zilizopita na hela yake ilishaingia kwenye hela ya marefa, sitaki kusema uongo hapa, kila mechi timu inachangia waamuzi na wazazi wakichanga nusu nusu mimi ndio nafunika pengo. Kwa hiyo geti lake ndio kwanza nalianza na mechi ni saa 10 jioni.

Jirani yangu ni fundi pikipiki na mbele yetu kuna mzee wa kahawa, hapo ndio kijiwe. Nikifika tu, "Kocha, leo tuje na kalamu au na kalkuleta?" Wote wanacheka. Mimi ni Yanga na wao wengi ni Simba, zamani nilikuwa na majibu, ile tano moja tuliyowafunga Novemba 2023 nimeitumia mpaka imechuja, lakini mtu aliyefungwa kumi na moja na watoto anamtania nani sasa? Nimevaa miwani nikawasha mashine. Raha ya kuchomelea mashine ikilia husikii watu vizuri, na ukishavaa miwani hawakuoni macho.

SAA 4, CHAI

Chapati mbili na maharage kwa mama ntilie, buku na jero. Nikiwa kwenye kipande cha mwisho anakuja yule jamaa. Kila mtaa unao huyu mtu, hana timu lakini anawajua wachezaji wote. Anavuta stuli. "Mwalimu, ninao wawili, straika na beki. Vyeti vipo. Nauli yao na soda tu."

Hapa niwaeleze vizuri maana watu wa mbali wanadhani sisi tunafungwa kwa sababu hatufanyi mazoezi. Ligi yetu ni ya U-15, sawa, na uthibitisho wa umri ni kopi ya cheti cha kuzaliwa. Cheti cha kuzaliwa hakina picha. Kwa hiyo mtu wa miaka 19 anachukua cheti cha mdogo wake, anapiga kopi, anaingia uwanjani anaitwa jina la mdogo wake na siku nyingine anasahau kuitika. Hao ndio vijeba. Halafu kuna mamluki, hawa wanaweza kuwa na umri sahihi au wasiwe nao, ila timu sio yao, wameletwa kwa siku moja. Wengine ni vyote viwili. FIFA wao tangu Kombe la Dunia la U-17 la 2009 kule Nigeria wanawapiga wachezaji picha ya kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI wanaangalia mfupa umeshaunga au bado. Sisi mkaguzi wetu ni mwenye daftari anayekaa chini ya mwarobaini, akikuona una ndevu anakwambia kanyoe urudi.

Sasa msinione malaika. Ile nne mbili, mechi ya tano, ndio siku niliyowachukua hao wawili wa huyu jamaa. Nilichoka jamani. Magoli mawili yote alifunga yule mamluki wa mbele, tukafungwa hivyo hivyo, na ili yeye acheze nilimweka benchi winga wangu wa kulia, mtoto ambaye hajawahi kukosa mazoezi tangu ana miaka 11. Nilimwingiza dakika tano za mwisho. Tangu siku ile hajarudi. Hakununa, hakusema kitu, alikunja jezi vizuri akaniwekea kwenye mfuko akaondoka. Na lile goli la sita moja, wenzetu walijifunga. Kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, watoto wangu mimi, wa mtaa huu, msimu mzima hawajafunga hata moja.

Nikamwambia jamaa leo hapana. Akasema utafungwa. Nikamwambia najua.

SAA 6 MCHANA

LUKU, yaani umeme, imeisha katikati ya komeo. Nimenunua ya elfu tano kwa hela ya kukopa kwa mzee wa kahawa, mwenye geti kafika kasimama na mikono kiunoni, nikamwambia baba linapakwa rangi saa hii, na lilikuwa halijapigwa hata grenda. Tupite.

SAA 8

Narudi nyumbani kuchukua jezi. Mke wangu anazifua yeye kila wiki, na anasema jambo ambalo silipendi ila ni kweli, anasema timu yetu jezi za washambuliaji hazichafuki, kipa tu na mabeki ndio wanaorudi na tope. Mastraika wanarudi wasafi kama wametoka msikitini.

Uwanjani tunapanga bendera za kona. Magoli ya uwanja ule nimeyatengeneza mimi mwenyewe mwaka jana. Kabla ya hapo tulikuwa na miti, ikaoza. Wenye mtaa walichanga paipu nne za mita 6 na hazikuzidi. Goli la kawaida ni mita 7.32 kwenda upana na 2.44 kwenda juu. Sasa kaa na mimi hapa, goli moja lina paipu mbili. Mtambaa panya, ile paipu ya juu, unataka 7.32, kwa hiyo paipu nzima ya 6 unaiunganisha na kipande cha 1.32 kutoka kwenye ya pili. Iliyobaki ni 4.68, igawe kwa mbili, milingoti inakuja 2.34. Imepungua sentimita kumi. Watu wote nikawaambia ni hesabu ya paipu, na ni kweli ni hesabu ya paipu, lakini karakana nilikuwa na vipande vya kutosha vya kuongezea. Nilimwangalia kipa wangu, mtoto wa miaka 13 mfupi kama stuli, nikaviacha vile vipande. Aliyekuwa ananishikia futi siku ile ni huyo huyo winga wa kulia. Aliona namba, akaniangalia, hakusema.

SAA 9 NA NUSU

Wamefika 13, afadhali, wiki iliyopita tulianza tuko 9. Kipa yupo, kavaa glovu za fundi ujenzi, za kudakia alizonazo zimechanika. Nikamvuta pembeni nikampa stori ya Samoa ya Marekani, mwaka 2001, walifungwa na Australia 31 kwa bila. Macho yakamtoka. Thelathini na moja mwalimu? Ndio, mtu mmoja tu alifunga 13. Walikuwa na matatizo ya pasipoti, wachezaji wao wengi hawakuruhusiwa, wakaingiza mpaka watoto wa miaka 15 kucheza na watu wazima. Na kipa wa siku ile, Nicky Salapu, hakuacha mpira, miaka kumi baadaye mwaka 2011 alikuwepo golini walipomfunga Tonga mbili moja, ushindi wao wa kwanza unaotambuliwa na FIFA.

Akafikiri. "Sasa mwalimu, baada ya zile thelathini na moja, alikuwa anakula?"

Nikashindwa kujibu. Nikamwambia alikula, si alicheza miaka kumi.

SAA 10 JIONI, MECHI

Wapinzani wamefika na Hiace. Straika wao yeye hakuja na Hiace. Alikuja na pikipiki, anaendesha mwenyewe, akaegesha kwenye kivuli, akavua helmeti, akafunga usukani, funguo akampa mwenye daftari amshikie, akavaa jezi namba 9. Mtoto wa chini ya miaka 15 huyo. Nikaenda kwa mwenye daftari nikamwambia mzee hebu ona, akanionyesha kopi. Amezaliwa 2011. Nikamwuliza na pikipiki nayo imezaliwa lini, akasema mwalimu usianze.

Kipindi cha kwanza tatu bila, zote za huyo mwenye pikipiki, moja alimgonga beki wangu wa kati na kifua tu, mtoto akaenda kukaa. Hakuna alichokosea yule beki, alikuwa sehemu sahihi kabisa, kapangwa vizuri, ila kilo zake arobaini.

Mapumziko nikawaambia habari ya Simba, na mjue inavyoniuma mimi Yanga kuitumia. Mwaka 2019 kwenye makundi ya Klabu Bingwa Afrika walipigwa tano bila na AS Vita ya Kongo, wiki mbili mbele wakapigwa tano bila na Al Ahly ya Misri. Tano bila mara mbili mfululizo. Wakarudi hapa Dar wakamfunga Al Ahly moja bila, wakamfunga na Vita mbili moja, wakaenda robo fainali. Nikajiona nimeongea. Namba sita wangu, mwenye mdomo, akanyanyua mkono: "Mwalimu, Simba walikuwa na Kagere na Chama. Sisi tuna nani?" Wenzake wakacheka, hata mimi nikacheka, tukarudi uwanjani tunacheka, mashabiki wakadhani tumechanganyikiwa.

Kipindi cha pili sitawamalizia wino, ikawa sita. Ila kipa alidaka vitu. Alidaka penati! Ya yule yule mwenye pikipiki, kaiona, kaiendea kulia, kaikumbatia kama mkate, na mama yake alikuwepo, sikujua kama amekuja, nilisikia tu mtu anapiga kigelegele nyuma ya watu.

Halafu dakika za mwisho kabisa, namba sita mwenye mdomo kapata mpira nje ya kumi na nane, hakuna mtu karibu kwa sababu wenzetu wameshachoka kutuheshimu, wako mbele wote wanatafuta la saba. Kaupiga. Mimi mpira nimeuona mwingi, huu ulikuwa unaenda. Kipa wao kasimama tu anautazama. Ukagonga mtambaa panya, kwa chini yake kabisa, ukadunda chini mbele ya mstari ukatoka. Haukuvuka, nisiseme uongo, nilikuwa nimenyooka nao.

Uwanja mzima "aaaaah". Watoto wameshika vichwa. Na mimi nimeshika kichwa lakini sababu yangu ni nyingine, nasikia ule mlio wa chuma, naujua ule mlio, naijua ile paipu niliikata wapi.

SAA 12 JIONI

Watu wametawanyika, nakunja jezi. Nyuma ya goli kuna mtoto na beseni la karanga. Winga wangu wa kulia. Kumbe mechi zote tatu hizi za mwisho alikuwepo, anauza karanga upande wa pili, mimi macho yangu kwenye mpira.

Kaja mpaka nilipo, akanipa shikamoo, nikaitikia. Akatazama juu kwenye goli, akanitazama mimi.

"Mwalimu. Sentimita kumi."

Nikamwambia ndio. Nikanunua karanga za mia mbili, nikampa jero, akatia mfukoni akaondoka na chenji yangu. Sikuidai.

SAA 3 USIKU

Geti la yule baba nimelimaliza kwa taa ya simu, rangi ya kwanza tu, ya pili kesho. Kijiwe kimefungwa. Mama wa kipa katuma meseji anasema leo amekula sahani mbili na anataka kujua Samoa iko upande gani.

Chini ya meza nilikuwa bado nina yale mabaki ya paipu. Nimepima, nimekata vipande vinne vya sentimita kumi, nimevipiga grenda ncha zote. Jumamosi ijayo tunacheza na anayeongoza ligi, hapo hapo kwetu, na hao wana watatu wanaokuja na pikipiki. Vipande viko hapa pembeni ya simu naandika hivi, sijavichomelea.