Mzee wa Chasselay

Juzi Ufaransa wanacheza, mwanangu wa pili akanidaka mpira umepamba moto, "Baba, hawa weusi wote Ufaransa walienda kufanya nini?" Nikamwambia hebu tuangalie mpira kwanza, ila mpira wenyewe ukawa umeshanitoka, nikamkumbuka yule mzee wa Chasselay.

Enzi hizo nilikuwa naishi Lyon, jiji la Ufaransa. Chasselay ni kijiji tu nje ya jiji, mizabibu na matunda, na mimi nilikuwa naenda kuchuma kama kibarua. Jioni moja mzee mwenye shamba akaniambia panda gari, nikajua leo kanihurumia ananitupa stendi.

Kumbe ananipeleka makaburini. Ukuta mwekundu, wekundu ule wa vumbi la barabara za kwetu, lango la mbao lina vinyago, ndani mawe yamejipanga mistari utadhani paredi. Karibu watu 200 wamelala pale, wengi wao askari weusi wa Afrika Magharibi. Juni 1940 walipambana na Wajerumani siku mbili, na huku Pétain, kiongozi wa Ufaransa, keshatangaza redioni kwamba basi, vita iachwe! Waliokamatwa wakatengwa, weupe huku weusi huku, na weusi wakamiminiwa risasi. Maiti zikaachwa mashambani, hadi Mfaransa mmoja, Jean Marchiani, akahangaika kuzikusanya, akajenga pale, pakafunguliwa Novemba 1942. Udongo mwingine ulikuja na ndege kutoka Dakar, Senegal.

Mzee alikuwa mtoto wakati huo. Hakunihadithia sana. Aliinama kwa shida, mkono mmoja kiunoni, akaanza kung'oa majani chini ya jiwe lisilo na jina, mzizi ukamgomea, akauchimba kwa ukucha wa kidole gumba mpaka ukatoka na udongo wake, akaupangusa kwenye suruali. Ndo akaniuliza bila kuniangalia, "Wa kwenu yupo humu?"

Nikamwambia hapana mzee, mimi Mtanzania, sisi tulikuwa wa Mwingereza, babu yangu alikuwa Keya, askari wa jeshi la Mwingereza, walimpeleka Burma.

"Alirudi?"

"Alirudi."

"Wakampa nini?"

"Koti."

Akacheka kwa nguvu, kisha akakumbuka tupo wapi, akavua kofia.

Sasa mimi, Mungu anisamehe, nikajikuta nawaonea wivu marehemu. Hawa wameletewa udongo kwa ndege, babu yangu koti, tena lilikuwa linambana. Halafu nikasema we nawe, babu si alifia kitandani kwake, wajukuu tumejaa uani tunagombania ukoko? Mpaka leo hesabu hiyo hainikai sawa, nikiipiga hivi inakataa, nikiipiga vile inakataa.

Kwenye gari mzee akaanza kulaani bei ya matunda ya mwaka ule na madalali wanavyowanyonya, na mimi nikamuunga mkono mpaka stendi, maana kwa hilo angalau nilikuwa na uzoefu.