Kuoanisha midundo ya muheme na saa ya Pyglet

Kikundi cha vijana hapa Dodoma kiliniomba nikiandalie programu ya kujifunzia midundo ya muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, ambamo duara kwenye skrini huwaka kila inapofika zamu ya kupiga. Niliiandika kwa lugha ya programu ya Python nikitumia maktaba ya Pyglet, yaani mkusanyiko wa msimbo uliokwisha kuandikwa, kwa kuwa dirisha, picha na sauti vyote vinapatikana humo.

Pyglet ina saa yake ya ndani, ambayo mwandishi wa programu huikabidhi fankisheni, yaani kipande cha programu chenye kazi yake maalumu, na kuieleza iiite lini. Amri ya schedule_once huagiza iitwe mara moja baada ya sekunde zilizotajwa, na schedule_interval huagiza iitwe tena na tena. Kila inapoitwa, fankisheni hupokea namba ambayo kwa mazoea huandikwa dt, yaani sekunde zilizopita tangu ilipoitwa mara ya mwisho, na kwa maoni yangu anayeipuuza namba hiyo bado hajaielewa saa yenyewe. Ukiomba robo ya sekunde hupati 0.25 kamili, bali 0.251, au hata 0.27 pale kompyuta inapolemewa na kazi ya kuchora. Kwa picha inayosogea hilo si tatizo, maana unazidisha mwendo wake kwa dt na mtazamaji hatambui chochote. Ngoma ni jambo jingine, kwani ucheleweshaji mdogo ukijilimbikiza, duara na mlio huachana.

Kwa hiyo sikuipa saa jukumu la kuhesabu midundo. Nyakati za midundo nilizitoa kwenye sauti tuliyorekodi, nikaziweka katika orodha, kisha nikapanga fankisheni iitwe takriban mara 60 kwa sekunde ili itazame player.time, yaani mahali sauti ilipofikia, na kuwasha kila duara ambalo wakati wake umewadia. Kuzima duara niliiachia schedule_once, kwa kuwa kazi hiyo haidai usahihi mkubwa.

Ndani ya fankisheni hizo sikuweka time.sleep, amri ya Python ya kusubiri, hata mara moja, kwa sababu husimamisha dirisha zima. Aidha, mwanafunzi anapofunga somo, programu huita unschedule, amri ya kuiondoa fankisheni kwenye saa, la sivyo saa ingeendelea kuishikilia fankisheni ya somo lililokwisha, pamoja na kumbukumbu yote inayotumiwa na somo hilo.