Daftari la majina ya ndege: pintade limenishika wiki nzima

Jumamosi usiku. Tangu Jumatatu niko kwenye neno moja tu, pintade, yaani kanga kwa Kifaransa. Faisan, jina la Kifaransa la ndege wa jamii ya kuku mwenye mkia mrefu, nililimaliza jioni moja: ni ndege wa mto Phasis, ambao leo unaitwa Rioni, huko Georgia. Wagiriki walimwita kwa jina la mto, Warumi wakalipokea, Wafaransa wakarithi.

Pintade lilinitia shaka kwa mwisho wake. Neno la Kilatini linaloishia -ata, likikulia Ufaransa, huwa -ée. Hili lina -ade, alama ya mgeni. Tena Kifaransa kina peindre, kupaka rangi, na cha kike kilichopakwa rangi ni peinte. Basi limetoka nje, kwa Wareno: pintada, "aliyepakwa rangi", "mwenye madoa". Shina lao ni moja, pingere la Kilatini, ila peindre lilikulia nyumbani na pintade likaja na mabaharia. Hata jaguar, yule paka mkubwa wa Amerika anayefanana na chui, Wabrazili humwita onça-pintada.

Leo nimeuweka unyoya wa kanga mezani, chini ya taa. Miaka yote hii sikuwahi kuutazama hivi. Madoa meupe yamekaa safu kwa safu, duara kabisa, kila moja na ukingo wake mweusi. Kwenye unyoya wa bawa, pembeni, yanavutika mpaka yanakuwa mistari. Aliyemwita ndege huyu pintada alikuwa amemtazama vizuri.

Hapo nikakumbuka kabati la bibi yangu. Yeye ni wa Mombasa, hasemi kanga, husema leso. Na leso ni lenço, kitambaa cha Wareno hao hao! Jina la kanga nalo husimuliwa kuwa lilitokana na nguo za mwanzo, zilizokuwa na madoa meupe kama ya ndege. Kwa hiyo Wareno waliwapa Wafaransa jina la ndege, sisi wakatupa jina la nguo, kisha nguo hiyo hiyo tukaiita kwa jina la ndege. Nimeandika sentensi hii kwenye daftari na kuipigia mstari mara mbili.

Nimempigia simu. Shikamoo, bibi. Marahaba, mjukuu wangu. Leso za vidoadoa unazo? "Ninazo mbili. Njoo uzipige picha, lakini utazikunja kama ulivyozikuta."

Wiki ijayo perdrix, kwale. Kilatini kilisema perdix. Nataka kuifuatilia hiyo r ya pili iliingia vipi.