Nilivyorudisha springi na waya za gavana kwenye pampu yangu

Wakuu habari zenu. Mi nalima nyanya huku Ilula, namwagilia kwa pampu ya inchi 2, injini yake ni kopi ya Kichina ya Honda GX160, zile ambazo kila shamba lipo moja. Siku hiyo ilianza kupanda na kushuka, vuuu halafu inazubaa, vuuu inazubaa, nikajua tu ni kabureta, maana petroli yetu ya kwenye chupa unaijua mwenyewe. Nikafungua ea klina, yaani kichujio cha hewa, nikafungua nati mbili, kabureta likatoka. Sasa kosa la kwanza, simu ilikuwa mfukoni na picha sikupiga hata moja.

Kusafisha jeti, kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli, ilikuwa kazi ndogo, kilikuwa kimeziba, nikapitisha uzi wa waya wa umeme, nikapuliza, nikaona mwanga upande wa pili. Shida ikaja kwenye kurudisha. Kuna waya mgumu unaotoka kwenye mkono wa gavana, kile kifaa kinachodhibiti kasi ya injini, kwenda kwenye kabureta, kuna springi nene inatoka kwenye mkono huohuo kwenda kwenye kisukumio cha resi, halafu nikabaki na kaspringi kembamba mkononi sijui kanakaa wapi. Nikakaweka juu ya gunia. Na ule waya mgumu ukishakaza kabureta hauingii tena, inabidi uunase kwanza huku kabureta limelala upande ndo ulisukume kwenye boliti zake, hilo peke yake lilinila saa nzima na ngozi ya vidole.

Kumaliza kufunga nikachungulia, kile kisahani cha ndani ya kabureta, kinachofungua na kufunga njia kuongeza au kupunguza resi, kipo wazi kabisa na injini imezimwa. Nikasema aah, hapa ndo ugonjwa, injini imezima resi ipo mwisho inawezekanaje? Nikachukua spana namba 10 nikalegeza nati inayobana mkono wa gavana kwenye kile kishafti kinachotoka kwenye bloku, nikausogeza mpaka kikafunga, nikakaza. Piga kamba, imewaka, lakini inapumua tu kama mgonjwa, maji yanadondoka kwenye mpira matone matone. Na miche ilikuwa siku ya tatu haijanywa.

Nikaenda shamba la jirani nikaangalie yake maana zinafanana. Nafika naona gavana yake imefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli! Namuuliza kaka hii vipi, ananiambia fundi ndo kaiweka hivyo, eti gavana inapunguza nguvu. Hapana jamani. Gavana ndo inazuia injini isijizungushe mpaka kufa, hizi kazini zinatakiwa zizunguke kama mara 3,600 kwa dakika, ukiziachia konekting rodi, ule mkono wa pistoni, inakatika na bloku inatoboka, tumeshaziona. Kwa hiyo sikuwa na pa kuigia.

Nikarudi nikakaa chini ya mwembe nikafikiria polepole, na hapa ndo pa kusoma vizuri. Ndani ya injini kuna vyuma vidogo vinavyozunguka, kasi ikipanda vinatanuka na kusukuma kile kishafti, kishafti kinageuza mkono, mkono unafunga kabureta. Springi nene inavuta upande wa pili, inafungua. Injini ikiwa imezima hakuna wa kushindana na springi, kwa hiyo kisahani KINATAKIWA kiwe wazi ukiweka resi juu. Yaani kitu nilichoita ugonjwa kumbe ndo uzima wenyewe, na nati ile nilikuwa sina sababu ya kuigusa.

Nikalegeza tena, nikavuta mkono mpaka kabureta likafunguka mwisho, kile kishafti nikakigeuza kwa koleo upande wa kinyume, sijui niliwaza nini, nikakaza. Mama yangu! Ile inawaka tu ilipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, pampu inatambaa chini yenyewe, dogo anayenisaidia kakimbilia kwenye mahindi, nikazima swichi huku natetemeka. Maana yake kishafti nilikibana mwisho wa safari yake, vyuma vikitanuka havina pa kusukuma.

Mara ya tatu nikafanya vyote upande mmoja: mkono unavutwa kufungua kabureta, na kishafti kinageuzwa mpaka mwisho kuelekea huko huko mkono ulikoelekea, kwenye hii yangu ni kama mshale wa saa, shikilia vyote viwili, kaza. Kwanza nikawasha resi ikiwa chini na kidole kwenye swichi. Imetulia! Kupandisha resi inaitikia, ila bado inayumba kidogokidogo, ndo nikakumbuka kale kaspringi kwenye gunia. Kumbe kanavalishwa juu ya ule waya mgumu, ncha moja kwenye mkono ncha nyingine kwenye kabureta, kazi yake kuondoa ulegevu. Ikabidi nilegeze kabureta tena, nimetukana sana. Lakini kukaweka tu mngurumo ukanyooka.

Nikamwagilia mpaka giza likaingia, kwa tochi ya simu. Kesho yake jirani kaja kasimama anaisikiliza, ananiuliza na yangu unaweza kuitoa ule mpira? Nikamwambia naweza, ila uje na spana namba 10 maana yangu imezama mtaroni.